Kamera za droni zijazo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye droni

Majibu haya yameandikwa kwa mwenye droni anayeitegemea: anayepiga harusi, hoteli za ufukweni, viwanja vinavyouzwa, mashamba au ramani za mitaa. Kila toleo jipya likitangazwa, namba kubwa zinatangulia, na yale yanayomsumbua mrushaji kila siku yanakuja mwisho au hayatajwi kabisa. Hapa tunaanza na hayo yasiyotajwa.

Wenye droni wanaomba nini hasa kwenye kamera zijazo?

Inategemea riziki yako inatoka wapi. Mpiga harusi anaomba kamera isiyounguza gauni jeupe. Mpimaji anaomba shata (inayoamua mwanga uingie kwa muda gani) isiyopinda picha. Anayepiga hoteli anaomba lenzi ya pili. Anayepiga wanyama kwa kibali anaomba lenzi ndefu, akae mbali asiwatishe. Wakikaa pamoja, maombi yao yanakutana kwenye mambo matatu: kamera inayoshika jua kali na kivuli kwa wakati mmoja, tundu la lenzi linalobadilika (linalopanuka na kubana kuongoza mwanga), na kamera ambayo ikivunjika inatengenezeka hapahapa tulipo. Megapikseli ziko chini ya orodha, na kwa maoni yangu ndipo mahali pake.

Kamera ya megapikseli 100 si lazima iwe bora kuliko ya 20?

Si lazima. Mavic 4 Pro ya kampuni ya DJI (Phantom, Mini na Air zinazotajwa chini ni zake pia), iliyotoka Mei 2025, ina kamera kuu ya megapikseli 100, na ni kamera nzuri sana, lakini uzuri wake haukuletwa na hiyo namba. Vihisi vya aina hiyo, yaani vile vipande vya kamera vinavyopokea mwanga, vimepangwa pikseli nnenne chini ya rangi moja. Mwanga ukipungua, hizo nne hufanya kazi kama moja, na picha inayotoka ni ya megapikseli 25. Vivyo hivyo kwa droni ndogo zilizoandikwa 48: kwa kazi nyingi za jioni unapata picha ya 12.

Faida ya namba kubwa ipo mchana wa jua zuri, ukitaka kuchapisha bango au kukata kipande kidogo cha picha. Video ya 4K inahitaji pikseli zisizofika milioni 9. Mteja anayeangalia kazi yako kwenye simu haoni tofauti ya 20 na 100, ila anaona haraka sana kama mawingu yameungua.

Basi kihisi kikubwa kinasaidia nini?

Hapa ndipo fedha ya kubadilisha droni inapopata maana. Mavic Pro ya 2016 ilikuwa na kihisi cha inchi 1/2.3, ambacho eneo lake ni kama milimita za mraba 28. Phantom 4 Pro ya mwaka huohuo, na Mavic 2 Pro ya 2018, zilikuwa na cha inchi 1, yaani milimita za mraba 116. Mavic 3 ya 2021 ilileta cha 4/3, karibu 225. Eneo likiongezeka, mwanga mwingi zaidi unakusanywa kwa muda uleule, chenga (vile vidoadoa vya picha ya gizani) zinapungua, na kamera inaweza kushika vizuri zaidi sehemu yenye jua na sehemu yenye giza ndani ya fremu moja.

Chukua harusi ya nje saa saba mchana. Bibi harusi yuko kwenye nyeupe, bwana harusi suti nyeusi, jua liko utosini, na sura zetu ni nyeusi. Kamera ya kihisi kidogo ikipima mwanga kwa gauni, sura zinazama gizani. Ukizinyanyua wakati wa kuhariri, chenga zinajitokeza mashavuni na kwenye bega la suti. Ukipima kwa sura, gauni linaungua lote, na ile lesi aliyoichagua kwa miezi inageuka kuwa doa jeupe lisilo na mshono wala ua. Hakuna programu ya kuhariri inayoweza kuirudisha, kwa sababu haikurekodiwa. Kihisi kikubwa, pamoja na kurekodi kwa biti 10 (ngazi nyingi zaidi za rangi na mwanga), kinakuachia nafasi ya kuokoa vyote viwili.

Ningependa watengenezaji wajaribu kamera zao kwenye sherehe ya watu weusi chini ya jua la ikweta kabla ya kuziuza. Mifano mingi ya matangazo yao ni milima ya theluji na machweo ya jua la upole. Kamera inayopendeza huko inaweza kukuaibisha Kigamboni.

Kwa nini watu wanalilia tundu la lenzi linalobadilika? Filta za ND, vile vioo vya kupunguza mwanga, hazitoshi?

Fanya hesabu. Saa sita mchana pale ufukweni Nungwi au Diani, ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga). Kwa kanuni ya zamani ya wapiga picha, kwenye jua kali tundu la f/16 linataka shata ya kama 1/100 ya sekunde (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Droni nyingi ndogo zina tundu moja tu lisilofungwa, f/1.7 au karibu na hapo. Kwa tundu hilo mwanga unaoingia ni karibu mara 90 zaidi, kwa hiyo shata inabidi ikimbie hadi karibu 1/9000. Lakini video ya fremu 25 kwa sekunde inapendeza shata ikiwa 1/50. Ikikimbia sana kupita hapo, mawimbi na makuti ya minazi yanarukaruka badala ya kutiririka. Kushuka kutoka 1/9000 hadi 1/50 kunataka filta ya kupunguza mwanga karibu mara 180, yaani mahali fulani kati ya ND128 na ND256.

Mchana uleule, kamera ambayo tundu lake linafungwa hadi f/8 inahitaji ND8 tu.

Sasa ongeza wingu. Jua likifichwa, ND256 inakuachia giza, na filta haibadilishwi angani. Unatua, unafungua ile pete ndogo kwa vidole vyenye jasho na mchanga, unavisha nyingine, unasubiri gimbali (mkono unaoishikilia kamera isitikisike) ijipange, unapaa. Jua limeshatoka tena, na betri imeshuka. Jioni ni taabu zaidi, maana kwetu jua halichelewi kuzama na mwanga mzuri ni dakika chache.

Kwa hiyo ombi ni moja kati ya mawili: tundu linalobadilika hata kwenye droni ndogo, kama lilivyo kwenye Phantom 4 Pro, Mavic 3 na Mavic 4 Pro, au filta iliyojengwa ndani ya kamera, inayobadilishwa kwa kitufe cha rimoti. Hili la pili si ndoto. DJI yenyewe imeliweka kwenye Ronin 4D, kamera yake ya sinema ya kushika mkononi. Kulipunguza uzito hadi lipae kwenye droni ya kawaida ni kazi, lakini ndiyo kazi ninayotaka waifanye kabla ya kutuletea 8K, video yenye pikseli mara nne ya 4K.

8K je?

Kama hupigi filamu za sinema, iache. Inajaza kadi, inachosha kompyuta, na mteja atakuomba umtumie kwa WhatsApp.

Lenzi ya pili ina faida kweli au ni mapambo?

Ina faida kubwa, na walioizoea hawarudi nyuma. Lenzi pana ya milimita 24 inafanya kila kitu kionekane mbali na kidogo. Ya 70 inaleta nyuma karibu na mbele: hoteli inasimama mbele ya bahari, na bahari inajaa kwenye fremu. Air 3 ya Julai 2023 iliweka lenzi hizo mbili zenye vihisi vinavyolingana ukubwa, na hilo ndilo lililoifanya ipendwe, kwa sababu rangi za kamera moja hazitofautiani sana na za nyingine. Mavic 3 Pro ya mwaka huohuo ina tatu: 24, 70 na 166.

Kuna na la heshima. Kwa lenzi ya 70 unaweza kukaa mbali na watu wanaoswali uwanjani sikukuu ya Idi, au na msafara wa maziko uliyeombwa na familia kuupiga, na mlio wa propela usiwafikie.

Kinachobaki kuombwa ni kwamba lenzi ndefu isiwe mtoto wa kambo. Kwenye droni nyingi kamera ya kuvuta mbali ina kihisi kidogo kuliko ile kuu, na jioni tofauti inaonekana waziwazi mara tu unapoweka vipande viwili pamoja.

Wateja wanataka video ya kusimama kwa ajili ya TikTok na Instagram. Nikate tu ile ya kulala?

Unaweza, ila unatupa zaidi ya theluthi mbili za picha. Mini 3 Pro ya 2022 ilileta jibu zuri: kamera nzima inageuka digrii 90, na kihisi chote kinatumika. Mini 4 Pro ikalifuata, na Mavic 4 Pro inazungusha kamera hadi digrii 360. Kwa anayeishi kwa kazi za mitandaoni, hiki ni kigezo cha kununulia. Kwa mpimaji hakina kazi.

Nafanya ramani na upimaji. Kamera yangu inahitaji nini?

Shata ya kimakanika, yaani yenye vipande halisi vinavyofungua na kufunga mwanga kwa picha nzima, kabla ya kingine chochote.

Kamera nyingi za droni husoma picha mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini. Tuseme usomaji unachukua 1/30 ya sekunde na droni inakwenda mita 10 kwa sekunde. Kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho droni imeshasogea sentimita 33. Kwa Phantom 4 Pro iliyo mita 100 juu, pikseli moja inalingana na kama sentimita 2.7 ardhini, kwa hiyo mkengeuko wa namna hiyo ungekuwa wa pikseli 12. Video ya harusi haitakushtaki. Ramani ya mipaka ya viwanja itakuingiza kwenye ugomvi wa watu. Ndiyo sababu Phantom 4 Pro, yenye shata ya kimakanika, ilikaa mikononi mwa wapimaji muda mrefu hata baada ya droni mpya kutoka, na ndiyo sababu DJI ilirudisha shata hiyo kwenye Mavic 3 Enterprise mwaka 2022.

Kwetu jambo hili lina historia. Mradi wa Zanzibar Mapping Initiative, ulioanza 2016, uliwatumia vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kurusha droni za mabawa za eBee na kupiga Unguja na Pemba. Dar es Salaam nako, Ramani Huria ilitumia picha za droni kuchora mitaa inayofurika kama Tandale. Kazi za namna hii zinataka kamera inayojua iko wapi kwa usahihi wa sentimita kila inapopiga, na hicho ndicho kifaa cha RTK kinachofanya. Leo kinauzwa kwa bei ya kampuni. Ombi la wapimaji vijana ni kamera ya kawaida yenye shata ya kimakanika na RTK kwa bei ambayo mtu aliyemaliza chuo anaweza kuifikia bila kusubiri mfadhili.

Kati ya betri na kamera, kipi kiboreshwe kwanza?

Kwa pwani, betri na mota. Dakika 46 za Mavic 3 na 51 za Mavic 4 Pro hupimwa bila upepo. Kusi ikivuma, droni inapigana tu kusimama mahali pamoja, na unarudi nyumbani mapema sana kuliko ulivyoahidiwa kwenye boksi. Kamera bora iliyo chini haipigi picha. Kumbuka pia kwamba kila kamera nzito zaidi inakula dakika za betri uliyo nayo.

Gimbali yangu imevunjika na nimeambiwa ninunue kamera nzima. Ni haki?

Si haki, na ndilo jambo ambalo ningetaka libadilike kuliko lolote kwenye ukurasa huu.

Gimbali inakufa kabla ya kitu kingine. Iko mbele, inaning'inia, na imeshikiliwa na mpira laini ili isitikisike. Droni ikigusa mchanga kwa pua, mambo manne hutokea kwa kawaida: mkono wa gimbali unapinda, mpira wa kuzuia mtikisiko unachomoka, chembe za mchanga zinaingia kwenye mota, au ule waya bapa mwembamba unaobeba picha unachanika kwenye kona. Ukiufungua, mara nyingi lenzi ni nzima na kihisi ni kizima. Kilichokatika ni waya mwepesi kama ganda la kitunguu. Lakini spea inayouzwa rasmi ni gimbali pamoja na kamera yake, kwa bei kubwa.

Fundi mzuri wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, Nairobi, anaweza kuubadilisha huo waya, maana amezoea nyaya nyembamba za simu. Shida inaanza baadaye. Droni inawaka, lakini upeo wa bahari umelala upande, au programu inakataa kupaa ikidai gimbali haijapimwa, yaani haijasawazishwa upya. Upimaji huo, kwa baadhi ya droni, unafanywa kwa programu inayotolewa kwa vituo vya kampuni peke yake, na kituo cha karibu kinaweza kuwa nchi nyingine. Mwenye droni Mtwara au Bukavu afanye nini? Anaipeleka kwa basi, kisha kwa ndege, analipa na ushuru wa kurudi, na msimu wa harusi unapita.

Yanayoombwa ni madogo. Waya uuzwe peke yake. Kioo cha mbele ya lenzi kifunguke kwa kuzungusha, kwenye kila droni. Programu ya kupima gimbali iwe wazi kwa mwenye droni na kwa fundi wake. Viungo vya mota vifunikwe dhidi ya mchanga na chumvi, maana hata bila kuanguka, upepo wa bahari unaacha chumvi humo ndani. Matrice 30, droni inayouzwa kwa makampuni, ina kinga ya IP55 dhidi ya vumbi na maji ya kurushwa. Mini, Air na Mavic hazijatangaziwa kinga yoyote ya namna hiyo. Kamera itakayoishi miaka mitano ufukweni ina thamani kwangu kuliko kamera itakayotikisa mtandao kwa wiki moja.

Naweza kubadilisha kamera tu na kuacha droni ileile?

Kwa droni za kawaida, hapana. Phantom ya kwanza ya 2013 haikuja na kamera yake. Ulifunga kamera ndogo ya GoPro chini yake, na GoPro mpya ikitoka ukabadilisha. Uhuru huo uliondoka kamera zilipounganishwa na droni. Umebaki kwa droni za sinema na za kampuni, kama mfululizo wa Inspire na Matrice, ambazo bei zake si za mtu mmoja mmoja. Ningefurahi kuuona ukirudi hata kwa uzito kidogo zaidi.

Apdeti ya programu inaweza kuboresha kamera niliyo nayo?

Kiasi. Mavic 3 ilitoka Novemba 2021 ikiwa na mambo kadhaa yaliyokosekana, na Januari 2022 apdeti ikaleta kufuata mtu na miruko ya kujiendesha. Apdeti inaweza kuongeza namna za kurekodi na kurekebisha rangi au kulenga. Haiwezi kukuza kihisi wala kukupa tundu linalofunga. Na usiapdeti usiku wa kuamkia kazi.

Droni ya gramu 249 nairusha bila kibali?

Gramu 250 ni mpaka uliowekwa na nchi nyingine. Marekani, anayerusha kwa burudani tu chini ya uzito huo hasajili droni. Ulaya, hata droni nyepesi ikiwa na kamera mwenyewe anatakiwa kujisajili, isipokuwa ikiwa ni ya kuchezea. Usiuchukue mpaka huo ukaamini unafanya kazi Dodoma au Nakuru. Tanzania mwenye neno ni TCAA, Kenya ni KCAA, mamlaka za usafiri wa anga, na kwa hifadhi za wanyama kuna kibali cha hifadhi zenyewe. Uliza kabla ya kununua tiketi.

Kwa upande wa kamera, uzito mdogo ulikuwa kisingizio cha kihisi kidogo hadi Septemba 2025, Mini 5 Pro ilipotoka na kihisi cha inchi 1 kwa uzito uleule wa karibu gramu 250. Sasa kisingizio hicho kimekwisha.

Mafaili ni makubwa, laptopu inakwama. Hili nalo watalitatua?

Video ya megabiti 150 kwa sekunde inakula zaidi ya gigabaiti 1 kila dakika. Dakika 20 za harusi ni zaidi ya 22. Kinachoombwa ni hifadhi ya kutosha ndani ya droni, kama gigabaiti 42 za Air 3S, ili kadi iliyosahaulika nyumbani isiharibu siku. Kwa laptopu ya kawaida, tengeneza nakala nyepesi za kuhariria, kata kazi yako kwa hizo, kisha rudisha mafaili halisi wakati wa kutoa video.

Ninunue sasa au nisubiri toleo lijalo?

Kama kazi ipo na droni huna, nunua sasa. Kazi uliyoikosa hailipwi na kamera ya mwakani. Kama unayo inayofanya kazi, badilisha pale tu toleo jipya linapogusa kitu kinachokukwamisha: kihisi kikubwa zaidi, lenzi ya pili, tundu linalobadilika, shata ya kimakanika. Mavic 2 Pro ya mtumba iliyotunzwa bado inapiga hoteli vizuri, ila kagua gimbali kwa makini: iwashe, igeuze juu na chini, sikiliza mikwaruzo, piga video ya upeo wa bahari na uone kama umenyooka. Kagua pia betri, isiwe imevimba.

Nataka ombi langu lifike kwa watengenezaji. Nifanyeje?

Programu za droni zina sehemu ya maoni, na maduka rasmi yana barua pepe. Tuma ombi moja kwa ujumbe mmoja. Ambatanisha faili halisi kutoka kwenye kadi, usitume lililopita WhatsApp, maana chenga za WhatsApp zitachukuliwa kuwa za kamera. Taja saa, hali ya jua, ISO, shata na filta uliyotumia, halafu eleza ulitaka kupata nini na ukapata nini. Kama ni suala la spea, andika jina la modeli, kipande chenyewe kilichokatika, bei uliyotajiwa, na mji ambao kituo chao cha karibu kipo.